Kuhusu Binti Mzimu Mliyemzuia Asitoke Sikukuu ya Viazi Vikuu

Kwa Mheshimiwa Nze Ozoemena,
Mkuu wa Chama cha Mizimu,
Umuezeora.

Baba yetu mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kiuno kimepoa. Mimi ni Uzoamaka, mama yake Somadina, yule mrefu, mwenye meno mazuri, anayeongoza kwaya. Huna haja ya kuuliza Somadina yupi, yupo mmoja tu. Nimepata ujumbe wenu kwamba Binti Mzimu wa mtaa wetu hatatoka sikukuu ya viazi vikuu, eti kwa sababu siku ya gulio la Nkwo lililopita, akiwa katikati ya uwanja, mwanamke mmoja alimwita kwa jina la binadamu. Mwanamke huyo mmesema ni mimi. Nilisoma hadi darasa la sita, na katika darasa hilo nilikuwa wa nne, kwa hiyo nitawajibu kwa namba.

1. Mimi sijui kitu. Binti Mzimu hutoka ardhini, kwenye tundu la mchwa, na uso wake mweupe na nywele zilizosukwa kama taji, akacheza, akarudi ardhini. Ndivyo tulivyoambiwa sisi wanawake, nami nimeamini miaka arobaini na tisa bila kuuliza swali. Sasa mimi nisiyejua kitu nimetoboa siri gani?

2. Ni kweli nilisimama, nikarusha kitambaa changu cha kichwa, nikaita, "Somadina! Mwana wa tumbo langu! Wamalize!" Lakini hilo ni jina la mwanangu, na huwa nalitaja kutwa nzima. Mbuzi akiingia kwenye viazi, naita Somadina. Nikijikwaa kidole, naita Somadina. Tena siku ile nyinyi wenyewe mlitutangazia kwamba Somadina yuko Onitsha, amekwenda kununua misumari. Basi nilikuwa namwita mtu aliye Onitsha. Kama macho yangu yalikuwa kwa Binti Mzimu, macho lazima yatazame mahali. Na kama Binti Mzimu aligeuza shingo akanipungia mkono, hiyo ni adabu yake. Mwulizeni yeye.

3. Msaidizi wako Akubueze, aliyekuja kuninyamazisha na mjeledi wake, alinifokea hivi mbele ya wake wote wa ukoo: "Mama, kaa chini! Utamchanganya kijana, atakosea hatua!" Kijana gani, Baba yetu? Mimi nilikuwa naona mzimu. Wanawake walicheka, hata mmoja akamwambia, "Shemeji, rudia hapo kwenye kijana, sikusikia vizuri." Yeye hamkumwandikia ujumbe wowote.

4. Mtaa wa chini nao walileta Binti Mzimu wao. Mimi simsemi mtu. Lakini ni msichana gani mwenye vigimbi vya mgema? Ziwa lake moja la mti linatazama sokoni, la pili linatazama kanisani! Alicheza kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, njuga zake zinagombana na ngoma, na pale pa kuzunguka akazunguka nusu, akasahau anakwenda wapi, akasimama. Mama yake, yaani kama mzimu angekuwa na mama, alikaa kimya anamenya karanga. Na huyo ndiye atakayetoka sikukuu ya viazi vikuu! Yeye hana kosa, kwa kuwa hapakuwa na mtu uwanja mzima aliyetamani kumwita jina lolote. Kumbe kwenu anayecheza vibaya ndiye aliye salama.

5. Sasa nifike penyewe. Kama aliyecheza ni mzimu, basi ametumwa na babu zetu, na wewe Nze, ambaye nakukumbuka shuleni ukimkimbia jongoo, umepata wapi ubavu wa kuwapangia marehemu siku za kutoka? Na kama ni mtu, andikeni barua mseme hivyo, mpige na muhuri, mniletee. Nitaisoma kwenye mkutano wa wanawake, polepole, kwa sauti, na wasiosikia vizuri nitawarudia. Mchague moja. Mimi sina haraka.

6. Kwa hiyo naomba Binti Mzimu wetu atoke, tena awe wa kwanza. Masika yote amefanya mazoezi mpaka nyayo zimepasuka. Hapo nasema mizimu kwa jumla, ni viumbe wenye bidii. Mwanangu Somadina anahamia Lagos wiki moja baada ya sikukuu kujifunza ufundi wa umeme, na hatujui atarudi mwaka gani. Hilo halihusiani kabisa na mzimu. Nimelitaja tu.

7. Mpiga mbiu atangaze: "Mzimu huyu ana mama, amekaa pale mbele, mwenye kitenge cha kijani." Jina asitaje. Siri ni siri.

Nisalimie mkeo, wakwe zako, na yule mbuzi wenu aliyezaa mapacha. Wasalimie wazee wote wa chama. Akubueze mwambie sina kinyongo naye, aje ale supu ya majani machungu, mjeledi auache kwake.

Ni mimi mtiifu wako, nisiyejua kitu,
Uzoamaka, mama yake Somadina.

Nyongeza: Kabla ya sikukuu mwambie mchongaji akipunguze kile kinyago cha uso mweupe kwa ndani, upande wa kushoto, juu ya sikio. Panamchubua. Nimemwekea pamba ya mto wangu, naye hajui, maana akisikia mkono wa mwanamke umeingia mle atazimia. Ukiiona usimwulize. Anakificha darini, nyuma ya magunia, na asubuhi moja alipokwenda kuoga nilifunga mlango nikakivaa mwenyewe, nijue hasa panamuumiza wapi. Pakaniuma palepale. Kichwa kachukua changu.