Milango Tisa ya Kabati la Jikoni

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Daftari langu, nisamehe. Mara ya mwisho nilipokuandikia tumbo lilikuwa halijaonekana; sasa mtoto ana miezi mitano na anaota meno. Sikukusahau. Nilikuwa nakutumia kuwekea chupa za maziwa.

Habari yenyewe: mama mkwe anakuja Jumapili. Amemwambia mume wangu, ambaye yuko kazini mbali mpaka mwisho wa mwezi, kwamba akikuta nyumba imenishinda ataondoka na Bibie, binti yetu wa miaka minne, akakae naye "mpaka mama yake apumue." Kasema kwa wema. Wema huo ndio unaonitisha. Bibie haendi popote. Halali mpaka ashike sikio langu. Huko atashika la nani?

Kinachonisuta humu ndani ni kabati la jikoni. Milango tisa, rangi ya chai iliyomwagika, na juu yake mafuta ya kukaangia ya wapangaji watatu. Wifi kanipa namba ya fundi wake wa rangi. Kabati la wifi linang'aa mpaka unaona haya kulifungua. Nimempigia fundi. Anataka siku nne, na kwanza aje "kutazama." Atazame nini? Ni mbao. Nina mikono miwili. Mmoja una mtoto, lakini ni miwili.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimenunua rangi nyeupe ya maji na brashi. Muuza duka kauliza kama nina msasa. Nikamwambia sikwangui, napaka.

Milango yote nimeing'oa kwa kisu cha mezani. Na mimi si mjinga: nyuma ya kila mlango nimeandika namba kwa penseli, moja mpaka tisa, ijulikane upi unarudi wapi. Fundi angewaza hilo? Thubutu!

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimepaka! Mbele na nyuma. Nyeupe pe, hakuna doa linaloonekana.

Saa kumi jioni nimezikumbuka zile namba.

Nyuma.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Hakuna mlango unaolingana na mwenzake. Huu umezidi kidole, ule umepungua nusu. Nimejaribisha asubuhi nzima, mtoto mgongoni ananitafuna shingo.

Kisha Bibie kagundua kwamba rangi inabanduka. Kamenya mlango mzima kama ndizi, anaimba. Nikamkaripia. Nikalia. Akaja kunibembeleza, akanipa kipande kikubwa kuliko vyote.

Mume wangu kapiga simu, anauliza taratibu kama fundi ameshafika. Nikajibu kazi inaendelea. Si uongo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimemwita fundi. Kwa siri, wifi asijue.

Kasimama mlangoni, hakuingia. Kauliza, kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya, "Dada, ulipiga msasa?" Nikasema nilifuta. "Ulifuta na nini?" Kitambaa. Akafumba macho. Akasema kupaka rangi ya maji juu ya mafuta ni sawa na kumvisha samaki soksi. Yote itoke, mbao zioshwe kwa sabuni, zipigwe msasa, ndipo zipakwe. Siku nne zimekuwa sita. Anaweza kuanza Jumatatu. Nikamwambia mama mkwe anafika keshokutwa! Akasema mama mkwe hakaushi rangi. Na kwamba brashi naishika kama mwiko.

Mwiko nimeushika miaka sita na hakuna aliyekufa. Nimemwambia kazi yangu nitaimaliza mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Milango saba imeingia, kwa ngumi. Wa nane umeingia kichwa chini. Wa tisa hauna kwao kabisa. Nimeusukuma chini ya kochi, na kwenye pengo lake kabatini nimetundika pazia. Kisha nikapaka upya palipobanduka, milango ikiwa imefungwa, isipate vumbi.

Imekauka vizuri sana. Haifunguki. Vikombe vyote viko ndani.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mama mkwe kafika saa nne. Hata kabla ya kukaa, kaenda mwenyewe kuchukua kikombe. Akavuta. Akavuta tena, kwa nguvu za mwanamke aliyelea watoto saba. Mlango ukamfuata mzima na bawaba zake, naye akaketi sakafuni ameupakata.

Akautazama. Akanitazama mimi, rangi nyweleni, mtoto mgongoni. Nikamtangulia. Nikasema, mama, nakuheshimu, lakini Bibie haondoki.

Akasema hana haja ya kumchukua mtoto. Nusura nimbusu mikono! Akaendelea: anayehitaji mtu ni mimi, siyo mtoto. Kwa hiyo anahamia hapa. Mpaka Desemba. Mabegi mengine yanakuja kesho, na fundi pia, kampigia yeye mwenyewe, namba kaipata kwa wifi.

Bibie anaruka kwa furaha. Mimi nimejifungia bafuni, naandika.

Sawa, jiko wachukue. Ila mama atalala chumba cha Bibie, na kitanda cha humo kimechubuka vibaya. Mkwe halazwi pale. Ni kazi ya nusu siku tu, fundi wa nini? Nimemwandikia mume wangu anitumie kwa basi la kesho: kopo moja la rangi ya maji, ya bluu, brashi mbili pana, magazeti ya kutandika, na godoro jembamba, mama alalie chini mpaka kitanda kikauke.