Mimi, Hati Nambari Mbili

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo nimegeuzwa wavu. Mimi, Dalmas Obuya, fundi cherehani namba moja Ngara (Clifford wa cherehani ya pili aseme apendavyo), nimesimama katikati ya duka la vitambaa la Mzee Ramesh huku binti yake Sonal akinizunguka na simu. Mara tatu. Kisha akafungua kompyuta na, Mungu wa mama yangu! Nilikuwa humo ndani. Si picha. Mwili mzima, unaogeuka mbele na nyuma, umeundwa kwa pembetatu ndogondogo zilizoshikana kama wavu wa goli. Elfu arobaini! Kitambi peke yake kimekula elfu tisa. Sonal akaniambia nitembee. Nikatembea, na wavu ukatembea.

Dubai nimefika mimi (saa tano, uwanja wa ndege tu, lakini Dubai ni Dubai). Sijaona kitu kama hicho.

Akanieleza. Wavu unaotembea ni mzito mno kutuma kwa bando la simu. Kwa hivyo anaukata vipande, anavilaza bapa, anavipanga ndani ya picha. Picha zikifuatana ni video, na video kila simu inajua kuibana ikawa nyepesi. Upande wa pili inafunguliwa, vipande vinashonwa upya, mtu anasimama tena mzima. Anataka zahanati za mashambani zitume hivyo mwendo wa mgonjwa kwa watengenezaji wa miguu bandia hapa mjini, mgonjwa asisafirishwe na mguu mmoja kutoka Busia. Kampuni moja imekubali kumshika mkono. Sharti ni moja: apate hataza, ile karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wako na mwingine asiuguse.

Nikauliza vipande vinajuaje pa kushonana. Akasema kila ukingo una namba, na ukingo wa jirani yake una namba hiyo hiyo. Hilo ndilo dai la tatu kati ya yale anayotaka yalindwe katika ombi lake, na ndilo roho ya ombi zima.

Futi ikanidondoka mkononi. Jambo nadra. Namba za ukingoni! Nani alimfundisha huyu mtoto namba za ukingoni, akiwa amekaa kwenye kigoda changu hapa kwenye baraza ya duka ninaposhonea, anakula njugu?

Nikachungulia fomu aliyopeleka mwaka jana. Mvumbuzi: Sonal. Basi. Kama vile mimi nilikuwa kigoda chenyewe.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi, nyumbani Uthiru, nimemwambia Peres, mke wangu, kwamba nataka jina langu liingie kwenye hataza. Amesema Baba Awuor, usijitafutie aibu. Mtu wa darasa la saba na nusu anataka hataza ya kompyuta na redio ya nyumbani imemshinda kuwasha! Nikamjibu redio ni mbovu. Akaiwasha.

Clifford naye amesikia. Sasa ananiita Prof. Amewaambia wateja wangu wapite kwake, Prof asisumbuliwe, anavumbua.

Lakini ushahidi ninao! Ukurasa wangu wa video, Fundi Bingwa wa Ngara, wafuasi mia mbili na kumi na mmoja. Nimerudi nyuma hadi Februari 2023. Huyo hapo! Nafumua koti kuukuu. Nalaza vipande bapa mezani. Naandika namba kwa chaki kila ukingo, moja ikutane na moja, mbili na mbili. Napiga picha, namtumia binamu yangu Lenox huko Kisumu. Lenox anakata kitambaa chake, anafuata namba, koti linatoka. Mwishoni nimesimama kama waziri, natangaza kwamba siku moja kompyuta itamkata mtu hivi hivi, itamlaza kwenye video, na namba za ukingoni zitamshona tena! Nimeisikiliza mara kumi. Sauti nzuri sana.

Nabii! Watazamaji kumi na saba, lakini nabii.

Mpango: sitamsumbua Sonal, ana mambo mengi. Nitakwenda moja kwa moja kwa yule anayechunguza ombi lake, aniongeze jina kimyakimya. Sonal atashtuka kwa furaha.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimevaa suti ya vipande vitatu, kazi ya mikono yangu. Bawabu wa ofisi ya hataza amenipigia saluti kabla hajauliza ninatafuta nini.

Mchunguzi anaitwa Bi. Nzula Musembi. Nilitarajia jitu. Nimekuta mama mdogo, sweta limekosa kifungo, chupa ya chai mezani. Lakini kichwa chake! Amesoma hati za Korea, za Japani, za Ujerumani, kuona kama kuna binadamu popote chini ya jua aliyesema jambo hili kabla ya Sonal. Si Kenya tu. Dunia! Kwa lugha yoyote! Hata akiwa mtu mmoja asiyejulikana na mtu! Nilikaa kwenye ncha ya kiti kama niko kanisani. Kumbe kuna mtu anayelipwa kukaa kwenye chumba kidogo na kuiuliza dunia nzima: nani alitangulia?

Alisema faili ni la wazi, kwa hivyo anaweza kunieleza. Profesa mmoja Mkorea alikaribia sana. Huyo ndiye hati nambari moja. Lakini Mkorea hana namba ukingoni. Kwa hivyo dai la tatu lilikuwa limesimama vizuri.

Nikasema mama, namba za ukingoni ni zangu, na nilizitangaza mbele ya ulimwengu.

Akaweka kalamu chini. Akauliza, hadharani? Nikasema hadharani kabisa, hakukuwa na siri hata chembe. Akauliza nani angeweza kuona. Nikasema yeyote mwenye simu, mama, hata wewe. Akauliza tarehe. Nikamwonyesha. Akaitazama video mwanzo hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akairudia! Watazamaji sasa ni kumi na tisa.

Kuhusu jina langu alisema hilo nizungumze na mwombaji mwenyewe. Lakini video inaingia kwenye faili. Kwenye faili!

Nikatoa sindano nimshonee kifungo. Akakataa, zawadi haziruhusiwi. Nikamwambia kifungo si zawadi, ni huruma. Akakataa tena. Mwanamke wa chuma.

Jumatatu, 17 Novemba

Barua imetoka! Mzee Ramesh mwenyewe ameniletea nakala barazani, uso umemkunjamana, nadhani kwa wivu. Nimo! Hati nambari mbili: D. Obuya, fundi, Ngara, video. Mara tu baada ya profesa wa Korea! Nimenunulia baraza nzima mandazi. Hata Clifford amekula, anayatafuna kama dawa.

Kisha Sonal akaja. Nikamfungulia mikono. Hakuja mikononi. Amekaa kwenye kigoda. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Ameniuliza kwa upole, Fundi, unajua hati nambari mbili kazi yake nini?

Nikasema inakuunga mkono.

Akasema hapana. Hati hizo ndizo zinazompinga mwombaji. Jambo likishasemwa hadharani kabla ya kupeleka ombi, si jipya tena, na lisilo jipya halipewi hataza. Sheria ya hapa humvumilia mvumbuzi mwaka mmoja akijitangaza mwenyewe. Ng'ambo kwingi, ambako pia amepeleka, hawamvumilii hata siku moja. Na video yangu imelitangulia ombi lake kwa mwaka mmoja na nusu. Dai la tatu limekufa. Kampuni imempa hadi Ijumaa kuonyesha kwamba bado ana cha kulinda. Baada ya hapo inaondoka, na zahanati zinabaki na wagonjwa wao.

Akaniambia pia kwamba hanilaumu. Hilo ndilo liliniua.

Mandazi yaliyobaki nimempa Clifford.

Jumanne, 18 Novemba

Mpango wa kwanza: nimefuta video. Nimempigia Bi. Nzula kumjulisha kwamba haipo tena. Akasema asante, yeye anayo nakala, na tarehe, na sauti yangu.

Mpango wa pili: nimempigia Lenox aape kwamba lile koti halikutoka, kwamba namba zilimpoteza. Lenox amenuna. Amesema lile koti lilimkaa kama ngozi na alioa nalo, na kama nataka kumchafulia jina nitafute binamu mwingine.

Mpango wa tatu: niseme yule kwenye video ni pacha wangu. Peres akauliza pacha wangu pia ana ukurasa unaoitwa Fundi Bingwa? Akasema mdomo uliobomoa ndio uende ukajenge, nisimtume Lenox. Akanipigia pasi shati.

Alhamisi, 20 Novemba

Dukani kwa Mzee Ramesh tangu asubuhi. Sonal ana nakala ya video yangu. Kazi yangu: kusema kila kitu ambacho sikufanya humo, tuone ombi lake linanizidi wapi. Mimi! Saa tatu nzima, Dalmas Obuya anaulizwa asichokijua! Ni kama kumwomba jogoo ataje saa ambazo hakuwika.

Namba niliandika wapi? Ukingoni, kwenye kipande chenyewe. Niliwahi kuziandika pengine popote? Hapana. Na kile kitambaa kinachobaki katikati ya vipande baada ya kukata? Mabaki, nikasema. Natupa. Au namuuzia mtu wa mito ya makochi.

Sonal akaruka kutoka kwenye kiti! Akafungua ombi lake ukurasa wa kumi na tisa. Kwenye picha zake pia kuna mabaki, ile nafasi tupu kati ya kipande na kipande. Namba za ukingo haziandiki ukingoni. Anaziandika huko kwenye nafasi tupu, kubwakubwa, nyeupe na nyeusi. Hilo lilikuwemo kwenye ombi tangu siku ya kwanza. Aliona ni jambo dogo tu, hakulitolea dai.

Akanionyesha. Aliiweka namba ukingoni, akaibana video hadi uso wangu ukawa kama ugali. Namba zikafifia kama chaki chini ya pasi ya moto. Wavu ukashonwa vibaya, kitambi kikapasuka katikati. Kisha akaziweka kwenye mabaki, akabana vile vile. Namba zikatoka safi! Na mimi nikasimama tena humo ndani, mshono kwa mshono, elfu arobaini zote, nikaanza kutembea.

Nilivua kofia. Sijui kwa nini. Miaka ishirini na sita natupa mabaki, na huyu mtoto ameyatazama akaona ukurasa mtupu unaosubiri kuandikwa.

Ijumaa, 21 Novemba

Ofisini kwa Bi. Nzula, mimi na Sonal. Sweta lile lile, kifungo bado. Sonal akaweka dai jipya: namba kwenye nafasi tupu. Bi. Nzula akalisoma. Akanigeukia mimi. Akauliza kama nimewahi, mahali popote, mbele ya yeyote, kuandika alama kwenye mabaki, au hata kusema kwamba inawezekana.

Nilihisi ndiyo inapanda kooni. Imefika kwenye meno! Ningeweza kusema niliiwazia mwaka 1999. Ni neno moja tu, na Mkorea angekaa nyuma yangu kabisa. Kisha nikaona mikono ya Sonal. Ilikuwa imeshika kona ya faili kama mtu anayeshika nguo isipeperuke.

Nikasema hapana, mama. Mimi mabaki natupa. Sikuwahi kuwaza.

Akaandika. Nikatia sahihi. Ni karatasi ya kwanza ya serikali inayoshuhudia kwamba Dalmas Obuya hakujua kitu. Nimetoka jasho hadi soksi.

Jioni kampuni imemwambia Sonal itasubiri jibu la mchunguzi.

Jumatano, 10 Desemba

Limepita! Dai jipya limekubaliwa! Mkorea kando, mimi kando! Kampuni imetia sahihi, na zahanati ya kwanza itaanza Februari. Mzee Ramesh amegawa ladu barazani, zile tamutamu za Kihindi, amenipa mbili, ameninyang'anya moja kwa ajili ya lile jambo la mwezi jana.

Nikiwa na ladu mdomoni nikamwambia Sonal kwamba mimi ningeogopa nyufa pale vipande vinapokutana. Fundi hakati kwenye mstari. Anaacha nafasi ya mshono. Kila kipande chake kingebeba ukanda mwembamba wa jirani yake, ufa ungejificha chini.

Akaacha kutafuna. Akaandika haraka, kurasa mbili. Akasema hilo hajaliona kwa Mkorea wala kwa yeyote. Ombi jipya! Wavumbuzi wawili, na jina langu ndilo litakalotangulia, kwa sababu nimelisema mimi. Fomu inaingia Jumatatu, hapa na ng'ambo. Hadi hapo mdomo uwe kufuli. Hata Peres asijue.

Nimeapa nikishika mkasi wangu. Mvumbuzi! Mimi! Nimeshindwa hata kumtukana Clifford.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku tatu na siri. Nimekonda.

Lakini nimewaza kuhusu wengine. Mafundi wangapi Ngara hii wana uvumbuzi na hawaijui sheria? Waangamie kama nilivyokaribia kuangamia mimi, na ninao ujuzi? Hapana. Moyo wangu si wa mawe. Alasiri nimeingia laivu kwenye ukurasa wangu, hapa barazani, Clifford ameshika simu. Mada: Linda Uvumbuzi Wako. Watazamaji mia tatu na arobaini! Nimewaambia wazi kabisa. Usiseme kitu hadharani kabla fomu haijaingia. Hata kwa rafiki. Hata saa moja.

Wakaomba mfano. Na kweli, huwezi kufundisha bila mfano. Nikachukua kitambaa, nikawaonyesha nafasi ya mshono, ukanda wa jirani, jinsi ya kuyaingiza hayo kwenye wavu na wavu kwenye video. Polepole, ili waliochelewa kuingia waelewe. Nimewaonya mara nne wasimwambie mtu. Jina la Sonal sikulitaja. Siri ni siri.

Maoni yamemiminika. Moja limetoka kwa N. Musembi. Mama mwenyewe! Siku ya Jumamosi! Ameacha mambo ya nyumbani kwake kunitazama mimi! Aliuliza tu kama hii ni ya leo, na kama kila mtu anaweza kuiona.

Nikamjibu palepale, kwa heshima zote. Ya leo leo, mama. Jumamosi, tarehe kumi na tatu, saa kumi na dakika tano. Na iko wazi kwa dunia nzima.

Safi sana. Jumatatu fomu ikifika mezani kwake, itakuta kazi anaijua tayari.