Mstari Mwekundu Usiomo Katika Jedwali

Jumatatu, 3 Machi

Mzee anastaafu. Ametutangazia asubuhi, huku akifuta miwani, kwamba Jumatatu ijayo jopo la wakubwa litapita maabara kuchagua mkuu mpya. Wanaofaa ni wawili tu: mimi na Bibi Giza.

Bibi Giza nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa akikaa dawati la mbele na kuuliza maswali. Siku hizi anahesabu fotoni, chembe za mwanga, moja moja, na kwa kazi hiyo hataki hata chembe moja ya mgeni chumbani. Anazima taa zote. Anaziba dirisha kwa kitambaa cheusi. Kijitaa cha kompyuta anakibandika plasta. Kisha anatembea humo gizani bila kugusa kitu, na mimi nagonga magoti kwenye stuli. La kulia limevimba.

Meza ya leza ni moja. Spektrometa, chombo cha kuchambua mwanga rangi kwa rangi, ni moja pia. Tunapokezana: asubuhi yake, mchana wangu. Leo nimegundua spektrometa imekaa upande wake zaidi kuliko wangu. Alipotoka nikaisukuma nusu shubiri. Nzito! Kitu kikalia "kak" ndani. Haki haikosi kelele.

Mke wangu ameshawaambia dada zake kwamba mimi ndiye mkuu. Nikamwomba asubiri. Akasema suti iko kwa fundi tayari.

Jumanne, 4 Machi

Bibi Giza ana tabia ya kurudi mchana kuchukua kitu alichosahau. Jana mkoba. Leo kalamu. Hakuna binadamu anayesahau hivyo. Anachungulia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimempigia shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme. Nikamwambia nataka taa nyekundu mlangoni, ya kuonya kwamba leza inawaka na anayeingia atapofuka. Akauliza aifunge nje au ndani. Nje wafagizi wataizima. Ndani, basi, juu ya mlango. Itaonekana kupitia kioo cha mlango. Ameleta taa ya neoni aliyoing'oa kwenye duka la kinyozi lililofungwa. Bado ina umbo la mkasi. Nimeagiza iwake mchana kutwa, niwepo au niwe nimeenda kunywa chai. Asubuhi Bibi Giza ataizima, bila shaka. Hilo silijali.

Imefanya kazi papo hapo. Bibi Giza kaja, kaiona, kageuka. Furaha: ya wastani, inapanda.

Jumatano, 5 Machi

Nyota njema huonekana asubuhi. Yangu imeonekana saa tisa alasiri.

Nilikuwa napima mvuke wa rubidi, metali inayoyeyuka upesi, kazi niliyoifanya miaka nenda rudi bila mtu kuniuliza kwa nini. Kwenye skrini, mahali pasipo na kitu, umesimama mstari. Mwekundu, mwembamba, wima kama askari. Nikafungua jedwali la mistari ya elementi zote, maana kila elementi ina mistari yake ya mwanga. Haumo. Nikaanza tena kutoka mwisho. Haumo!

Nikazima leza nione kama utatoweka. Haukutoweka. Atomu zangu zinatoa mwanga bila kuchochewa na yeyote! Mtu mwingine angeingiwa na shaka. Mimi niliketi sakafuni kidogo.

Sijamwambia mtu. Jioni mke aliuliza mbona naichekea sahani. Nikasema ni safi.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi Giza kanizuia ukumbini. Amesema namba zake za wiki hii zimeteguka, haelewi, hali chakula. Akauliza kama nimeigusa spektrometa. Nikauliza kuigusa vipi. Akasema kuigusa. Nikasema mimi ni mtu mzima.

Kisha akaja na mtego. Eti tukae pamoja mchana mmoja, tulinganishe vipimo vyetu, huenda tukaona tatizo lilipo. Kumbe kimya chote kile kilikuwa cha kuuvizia ugunduzi wangu! Nikamwambia mchana wangu umejaa. Akasema sawa, Mwalimu. Bado ananiita Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nilimhurumia mpaka kwenye ngazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mke. Ilibidi, nilikuwa nazungumza usingizini. Alisikiliza hadi mwisho, akakunja nguo zote, akauliza nani mwingine ameuona mstari huo. Nikasema hakuna, ndiyo uzuri wake. Akasema mficha uchi hazai, nimwonyeshe hata yule niliyemfundisha, nisije nikaumbuka mbele za watu. Wanawake wanateteana.

Nimeupa mstari jina langu. Halafu nikaona ni majivuno, nikaongeza na la mke.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa mpangilio, kama inavyopasa.

Suti ilinibana kwapani. Jopo liliingia: wakubwa watatu, Mzee, na nyuma yao Bibi Giza, macho mekundu. Nikawaonyesha mstari. Mmoja akapiga makofi, kisha akaona yuko peke yake, akaacha. Mwingine, mama mmoja mwenye kofia, akauliza inakuwaje chupa ya mvuke ikiondolewa. Swali la kitoto. Nikaiondoa. Mstari ukabaki palepale. Nikamweleza kwamba hiyo inaonyesha nguvu ya ugunduzi.

Mzee akaanza kufuta miwani.

Bibi Giza akatazama skrini, akatazama mlango, juu. Akaja karibu yangu, akaninong'oneza: "Mwalimu, nizime mimi au utazima mwenyewe?" Sikuelewa. Kwa heshima zote nilizonazo kwa ubongo wangu, sikuelewa. Nikasema kwa sauti, zima chochote utakacho.

Akazima mkasi wa kinyozi. Mstari ukazimika. Akauwasha. Ukarudi.

Neoni, gesi ya ndani ya ile taa. Mstari ambao wanafunzi wa mwaka wa kwanza huupima kabla hawajajua choo kiko wapi. Ninawafundisha mimi. Nilimfundisha yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Huzuni: nje ya kipimo. Nilitaka ukuu ule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na niliuona ukitoka mlangoni chini ya ile taa.

Kisha Bibi Giza akazungumza na jopo. Alisema mstari wa neoni unajulikana ulipo, na hapa umesimama pembeni, ndiyo maana Mwalimu hakuukuta kwenye jedwali. Maana yake kipimo cha spektrometa kimeteleza. Na kwa kuwa sasa anajua kimeteleza kiasi gani, anaweza kuzirekebisha namba zake zote za wiki. Alikuwa karibu kuzitupa. Alimaliza kwa kusema taa ya Mwalimu imemwokoa.

Alisema hivyo kana kwamba ndivyo nilivyokusudia. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Jumanne, 11 Machi

Amechaguliwa yeye. Mzee alinishika bega, akasema kila jambo na wakati wake. Wangu sijui uko saa ngapi.

Mke alisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kisha akanipa chai. Baadaye nikamsikia kwenye simu akiwaambia dada zake kwamba nimeukataa ukuu kwa sababu ya presha. Sina presha. Nilisimama nyuma ya pazia mpaka alipokata simu.

Jumatano, 12 Machi

Mkuu mpya ameniita. Hakukaa kwenye kiti kikubwa, alivuta stuli. Akasema ana kazi moja anayoniamini nayo: kila Jumatatu niwashe taa ya neoni, niilinganishe spektrometa na ule mstari, kisha niizime. Niizime, alirudia. Akauliza pia, kwa upole, ni nani aliyeisogeza. Nikasema labda mtetemeko wa ardhi. Akasema: "Sawa, Mwalimu. Ukitokea tena, niambie tu. Sitauliza umetoka wapi."

Maneno mazuri. Nimeyatafakari njia nzima. Nimeona nilikosea mahali fulani, na nimepiga moyo konde kubadilika.

Ijumaa, 14 Machi

Nimebadilika. Nyekundu haikuwa rangi yangu.

Shemeji ameleta ya kijani. Tumeifunga nyuma ya kabati, isimkere Bibi Giza. Mwanga wake unatosha kunionyesha stuli zilipo. Goti ni langu. Alipochungulia mchana kuuliza kama taa zote zimezimwa, nikasema zote. Kabatini hakuuliza.

Spektrometa bado imekaa upande wake zaidi, bila aibu. Nimeisukuma kidogo tu. Imelia "kak". Kumwambia mtu kwa ajili ya kidogo hivyo ni kumsumbua.

Saa tisa, kwenye skrini, mahali pasipo na kitu: mstari wa kijani. Mwembamba, wima. Nimepitia jedwali lote mara mbili.

Haumo!

Nimefunga mlango kwa funguo, nikampigia fundi nguo. Aipanue suti kwapani.