Ndama wa Nikanori Belmonte

Jumatatu, 11 Juni 2012

Likizo. Nipo mlimani na wazazi, nyuma ya Nyarero, kwenye rashi, yaani machimbo mapya ya dhahabu. Duara la Baba, shimo lake la kuchimbia, limejaa maji. Wachimbaji wake wamekaa ukingoni kama vyura, wanachungulia shimo na kupiga miayo. Wamemwambia wazi: isipopatikana pampu mwezi huu, wanahamia kwa wengine. Wakiondoka ndiyo basi, tunarudi kwenye mihogo.

Halafu muujiza! Hamidu, yule mwenye duka kutoka Tarime, katangaza ligi ya timu tatu. Zawadi: pampu ya dizeli, mpya, bado iko ndani ya boksi. Baba kalipapasa lile boksi mpaka Hamidu akamwomba aliache.

Timu ni Maji Shingoni, ndiyo sisi. Karasha, vijana wa mashine ya kusaga mawe. Na Sirari, vijana wa mpakani, vifua kama milango. Mimi ndiye katibu wetu. Kiingereza nilikipata kwa shangazi Dorah, Kehancha, ng'ambo ya mpaka, Kiswahili huku nyumbani, kwa hiyo naandika barua kwa lugha mbili. Kuongea ndiyo siwezi hata kwa moja. Watu wakizidi watatu, ulimi wangu unalala.

Hamidu kanifungia sabuni kwa kurasa za gazeti la michezo la Kiingereza. Nimezikung'uta chembe za sabuni na kusoma zote. Ni maisha ya Nikanori Belmonte, mshambuliaji wa Hispania. Miaka miwili alikaa benchi kwenye klabu ya mji wao. Wakampeleka Kupro kwa mkopo, akafunga mabao kumi na moja. Kisha Poland, kwenye theluji. Kisha India. Na waandishi wa habari alikuwa anawakimbia, kwa aibu! Nimelia kidogo. Kumbe tupo wengi.

Mama kasema ni jina zuri, la shemasi, lipo kwenye Matendo ya Mitume.

Jumanne, 12 Juni

Nimepata mpango. Sijalala vizuri kwa uzuri wake.

Tunaowaogopa ni Sirari. Kesho wanacheza na Karasha, na Karasha hawana mfungaji. Sisi tunaye, kaka yangu Kisyeri. Basi tumpeleke Karasha kwa mkopo, siku moja tu, kama Nikanori alivyopelekwa Kupro. Awamalize Sirari, arudi, halafu tuwamalize Karasha wenyewe. Nimeweka na sharti la Ulaya: mchezaji wa mkopo hachezi dhidi ya mwenye mali, na kesho kutwa anarudi kwao.

Mzee Kornelio, mwenyekiti wa ligi, kagoma. Kasikia neno mkopo, akasema yeye hahusiki na madeni, aliwahi kukopa mbegu akakimbia kijiji. Nimemwandikia karatasi ya pili (shikamoo ilikuwa mstari wa kwanza). Nikasema ni kama unavyompeleka ng'ombe wako kwa rafiki akakutunzia. Maziwa anakunywa rafiki, ndama ni wako. Hapo akaelewa! Nikamwandikia na habari za Nikanori. Akataka kujua, huyo Mhispania alipopelekwa Poland, ng'ombe alipokea nani? Nikaandika: klabu. Baba yake je? Hakupata hata fahali. Mzee kasonya, kasema Hispania hawana wazee.

Katibu wa Karasha ni Oyoo. Anasoma ng'ambo ya mpaka, anajua Kiingereza kuliko mimi, na anajua kwamba anajua. Kasaini bila kusoma mara mbili. Kaniita madam katibu. Nimekimbia, nikaacha kalamu.

Jumatano, 13 Juni

Karasha 3, Sirari 0. Yote ya Kisyeri! Sirari wamekaa chini kama waliofiwa. Baba kaniambia nina akili ya mfanyabiashara. Nimeingia nyuma ya turubai kucheka peke yangu.

Asante, Nikanori.

Ijumaa, 15 Juni

Tumewapiga Sirari moja bila. Bao la Kisyeri, kwa goti, lakini bao ni bao. Jumapili ni sisi na Karasha. Nimeshachora mahali pampu itakapokaa.

Jumapili, 17 Juni

Sare! Bila kwa bila! Kisyeri kapiga mwamba mara mbili, mwamba wenyewe ni mti wa mkaratusi, ukaangusha majani tu.

Oyoo katoa ubao wake na kuandika taratibu, kwa mwandiko wa kunikera. Pointi sawa. Mabao: Karasha matatu, sisi moja. Pampu ni yao. Akanigeukia akasema, pole madam, hesabu ni hesabu.

Nakiri: katika mpango huu nilisahau kuhesabu mabao. Nilihesabu kila kitu kingine.

Baba kaenda kukaa ukingoni na wale vyura wake. Ningepigwa ingekuwa afadhali.

Jumatatu, 18 Juni

Alfajiri nimeamka na neno moja kichwani: ndama!

Nimempelekea Mzee Kornelio karatasi yake ileile. Nani alilizaa bao? Kisyeri. Kisyeri wa nani? Wetu. Alikuwa kwa rafiki, anatunzwa. Basi yale matatu ni ndama, na ndama hurudi kwa mwenye ng'ombe.

Mzee kaisoma akiwa amekaa juu ya kiroba cha mawe. Kauliza Karasha walipata nini. Nikaandika: maziwa, yaani furaha. Kapiga goti lake kwa kiganja. Kaamua mbele ya watu wote: mabao yarudi nyumbani! Sisi manne, Karasha sifuri. Pampu yetu! Baba kanibeba begani, mimi na miaka yangu kumi na sita, watu wote wanaona, nikafumba macho.

Furaha ya saa moja tu.

Oyoo alikuja polepole, mikono mfukoni. Kamwamkia Mzee vizuri, shikamoo ndefu. Akasema anakubali kabisa, mabao ni ya Maji Shingoni. Maana yake waliowafunga Sirari Jumatano ni Maji Shingoni. Na Ijumaa wakawafunga tena. Kwa hiyo Maji Shingoni wameshacheza na Sirari mara mbili, na Karasha, masikini, bado hawajacheza nao hata mara moja. Si ndiyo, Mzee?

Mzee kafikiri. Kweli kabisa, mura, kijana wangu, kasema. Kila timu ni mara moja tu, basi wa Ijumaa umefutwa, na Karasha wacheze nao kesho.

Nimemchukia Oyoo kwa nguvu zote. Pia ile hoja ilikuwa nzuri sana.

Jumanne, 19 Juni

Karasha 4, Sirari 1. Bila Kisyeri. Nusu ya Sirari walikuwa wamesharudi kwenye maduka yao, golini alisimama dereva wa lori. Oyoo mwenyewe kafunga moja, na miwani yake.

Mabao yao manne, yetu matatu: pampu imeondoka. Wachimbaji wa Baba wameanza kufunga vikapu na majembe. Sijala.

Jumatano, 20 Juni

Nilikuwa naosha masufuria nikasikia kelele za toroli. Oyoo! Na nyuma yake Jairo, mwenye Karasha. Na ndani ya toroli, pampu!

Jairo kamwambia Baba kwamba kwao, mtu aliyepewa ng'ombe wa mwenzake amtunze hawezi kukaa kimya, lazima apeleke kitu kwa mwenye ng'ombe. Yeye kapewa Kisyeri siku nzima, watu wake wamecheka siku nzima, angelalaje? Pampu ikae kwetu siku tatu. Mafuta waliweka wao.

Baba kamshika mkono kwa mikono miwili. Wachimbaji wamefungua vikapu.

Oyoo kanirudishia kalamu yangu. Nilitaka kusema asante. Kikatoka kitu kama kikohozi. Nimeandika asante kwenye kipande cha karatasi, kwa lugha zote mbili, nikakiweka ndani ya toroli na kukimbia.

Ijumaa, 22 Juni

Duara mita ishirini kwenda chini, kavu! Leo viroba sita vya mawe vimetoka, na kimoja Baba anasema kinang'aa. Namshukuru Mungu. Namshukuru Jairo na kelele za toroli lake. Namshukuru Mzee Kornelio, ambaye angalau anasoma karatasi hadi mwisho. Namshukuru hata Oyoo, hapa tu, kwa wino hafifu.

Jioni Baba kaniketisha. Kasema nimepata bahati kwa wema wa watu, si kwa akili ya makaratasi, niache mambo ya kuazimana. Nimemwitikia, ndiyo Tata. Na kweli nimemuelewa.

Isipokuwa Sirari wameleta ujumbe. Wana mechi Jumapili na timu ya ng'ambo ya mpaka, zawadi ni fahali, na wanamtaka Kisyeri kwa mkopo. Kosa langu la kwanza sasa nalijua: nilitumia mfano wa ng'ombe. Safari hii nitatumia wa mbuzi.