Kwa Nini Sijagonga Mhuri kwenye Barua ya Twaha

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
21 Agosti, 1991.

Kwa Ndugu Afisa wa Pasipoti.

YAH: KUCHELEWA KWA BARUA YA UTAMBULISHO YA TWAHA SEFU

Ndugu Afisa,

Baada ya salamu, ambazo naomba uzipokee zikiwa kamili ingawa moyo unaozituma umepungua, nakiri kuipata barua yako ya tarehe 14 mwezi huu. Unaniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini mimi, Balozi wa Nyumba Kumi, sijaleta barua ya kumtambulisha kijana Twaha Sefu, mwombaji wa pasipoti, ilhali jalada lake limekamilika kwa kila kitu kingine. La pili, kama ninamfahamu. Umeongeza kwa upole kwamba barua hiyo isipofika kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa tarehe 23, jalada litarudishwa, na chuo cha Marekani kinachomwita akasome na kukichezea mpira wa kikapu kitamwita mtu mwingine.

Nitaanza na la pili kwa kuwa ni jepesi. Ninamfahamu. Nilimfundisha kusoma, nikamfundisha kugawanya, na mara moja nilimwadhibu kwa kuchungulia majibu ya wenzake. Baadaye niligundua kwamba nilimwonea. Kwa urefu wake hakuwa anachungulia. Alikuwa anayaona tu.

Kuhusu la kwanza, niliitisha kikao cha wakazi wa nyumba zote kumi. Walihudhuria wengi kuliko siku tulizokuwa tukigawa sukari. Ninayoyaandika hapa ndiyo yaliyokubaliwa, nami nimeyapanga kwa namba ili usipate taabu ya kuyatafuta.

1. Fomu yako inasema kwamba mwombaji ana urefu wa mita mbili na sentimita tatu. Hatubishi. Tunachosema ni kwamba fomu haiulizi sentimita hizo zimetoka wapi. Twaha alikua katika ile miaka ya foleni, wakati sembe ilikuwa ya njano na sabuni ilikuwa habari ya kusimuliwa. Mama yake, Bi Mwanakombo, ni mjane anayeshona nguo kwa cherehani ya mkono. Kwa hiyo mtoto alikula pale adhuhuri ilipomkuta: leo kwa Mzee Hashil mwenye duka, kesho kwa Bi Hamisa muuza vitumbua, keshokutwa kwa Apolinari wa reli, ambako alijifunza kula ndizi za kupika bila kuuliza samaki yuko wapi. Bi Hamisa alisimama kikaoni akatamka hivi, nami nimeyaandika kama yalivyo: "Kuanzia magotini kushuka chini, vile ni vitumbua vyangu. Anayetaka kusafiri asafiri, lakini miguu aniachie." Mzee Hashil anadai mabega. Mimi sidai kitu, ila natambua kwamba mali ya watu kumi haisafirishwi kwa sahihi ya mtu mmoja.

2. Tuna uwanja, nasi tunauita Sakafu. Mwaka 1976 tuliahidiwa ghala la ushirika, na ujenzi ukaanza kwa ari kubwa, ukaishia kwenye sakafu. Kwa miaka kumi tuliitumia kuanikia dagaa. Kisha Twaha akafunga duara la pipa juu ya mlingoti akaanza kudunda mpira, nasi, kwa hiari yetu, tukahamisha dagaa. Naomba uizingatie dhabihu hiyo. Huu ndio mradi pekee wa maendeleo ambao umewahi kukamilika katika eneo langu, na umekamilishwa na kijana mmoja kwa duara la pipa. Sasa anaondoka, na dagaa wameanza kurudi. Jumatatu niliona jamvi moja limetandikwa pembeni, chini ya goli. Nililiangalia kwa muda mrefu.

3. Chuo kimeleta karatasi yenye picha ya ukumbi wa viti elfu nane. Ninakipongeza. Sisi hatuna hata kiti kimoja. Tumesimama kila Jumapili kwa miaka mitano. Nadhani hata Marekani wanaelewa kwamba mtu anayekusimamia anakupenda kuliko yule aliyeketi. Kuhusu mji wenyewe, nimeutafuta katika atlasi yangu ya mwaka 1961 na sikuuona. Ama mji huo ni mpya, ama ni mdogo kuliko Mtoni. Na kama ni mdogo kuliko Mtoni, unapeleka wapi viti elfu nane?

4. Tunaambiwa kwamba hii ndiyo biashara huria: milango imefunguliwa, bidhaa ziingie na bidhaa zitoke. Nimekaa nikaitafakari biashara hiyo. Meli zinatuletea marobota ya mitumba. Mwezi Juni Bi Hamisa alinunua koti zito la sufu lenye kofia ya manyoya, akifikiri ni blanketi la kisasa. Koti hilo halina kazi yoyote katika Wilaya ya Temeke. Nilimwuliza kwa nini wazungu walete kitu kama hicho kwenye joto hili. Sasa jibu ninalo. Mpango wote umekuwa wazi: koti limeletwa kwetu, na mtu wa kulivaa anapelekwa kwao. Sisi tunatoa kijana ambaye hajatumika, tunapokea viatu ambavyo vimekwisha kutembea. Kama hesabu hiyo ndiyo mageuzi ya uchumi, basi nilifundisha hesabu vibaya kwa miaka thelathini na moja.

5. Kuna huduma za umma. Nani ataitoa mipira ya watoto juu ya paa la msikiti? Nani ataishika antena ya Mzee Hashil inayotafuta picha za televisheni ya Zanzibar, aielekeze panapotakiwa na asimame hapohapo mpaka taarifa ya habari iishe? Nani ataangalia juu ya uzio wa kiwanda na kutuambia kama boza la maji linakuja au limepita? Haya si mambo ya mchezo. Nayataja kwa ufupi kwa sababu ninajua mna kazi nyingi.

6. Hapa naomba usome polepole, kwa kuwa hapa sifanyi mzaha.

Mzee Hashil na Apolinari hawakusemeshana tangu mwaka 1985. Sababu ilikuwa mfereji wa maji machafu, ambao kila mmoja aliamini kwamba unatoka kwa mwenzake. Niliwasuluhisha mara nne. Nilitumia busara, nikatumia vitisho, nikatumia ramani. Haikusaidia. Kisha, mwaka juzi, tulicheza na vijana wa Gongo la Mboto, ambao siku zote walikuwa wakitufunga na kutuimba njia nzima. Siku hiyo mashabiki wao walipomwona Twaha walipiga kelele, "Jamani, Mtoni wamekuja na mnara!" Apolinari, mwenye ngoma yake, akawajibu, "Mnara huu unasoma saa yenu ya kwenda nyumbani!" Zikiwa zimebaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Twaha akaruka. Sitaeleza namna alivyoruka. Mimi si mtu wa kutia chumvi. Mpira uliingia, tukashinda hamsini na nane kwa hamsini na saba, na nilipogeuka nilimwona Mzee Hashil amemkumbatia Apolinari pamoja na ngoma yake, wote wawili wanalia, na kanzu ya Mzee Hashil imeshika vumbi la ngoma.

Tangu siku hiyo wanasalimiana. Jumamosi wanakaa dukani wakipanga nani acheze wapi, kana kwamba kuna aliyewauliza. Lakini majuzi, habari za safari zilipothibitika, nilimsikia Apolinari akisema kwa sauti ya chini, "Hivi ule mfereji uliishia wapi?" Ndugu Afisa, wewe unaona pasipoti moja. Mimi naona mfereji.

7. Kwa sababu hizo, kikao kiliamua kuchukua hatua, na ni wajibu wangu kukuarifu.

Unafahamu kwamba kwetu mtu hasafiri safari ndefu bila kuwaaga majirani na kuomba radhi. Anapita nyumba kwa nyumba, anapiga hodi, anakaribishwa, anasema kama amekukosea umsamehe, nawe unamsamehe na kumwombea. Nyumba ikirukwa, safari inabaki na deni. Twaha amelelewa vizuri. Lawama kwa hilo tunaibeba wenyewe. Tunajua kwamba hawezi kupanda ndege akiwa hajaagana nasi. Basi Bi Hamisa alitoa hoja, na ikapitishwa bila kupingwa: akipiga hodi, asijibiwe. Asipokaribishwa hawezi kuingia, asipoingia hawezi kuaga, na asipoaga hawezi kwenda. Sheria haikuvunjwa, na hakuna aliyesema uongo, kwa kuwa hakuna aliyesema kitu.

Alianza Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu ambayo kwa mwingine ingeburuzika na kwake inaishia chini kidogo ya goti. Kwa Mzee Hashil duka lilikuwa wazi, redio inazungumza, mizani bado inacheza, na hapakuwa na mtu. Kwa Bi Hamisa alipiga hodi mara tatu, na vitumbua vikaungua karaini mbele yake kwa sababu mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, amejikaza. Kwa Apolinari pazia ni fupi. Twaha aliiona miguu, akaiamkia kwa adabu: "Shikamoo, Mzee Apolinari." Miguu ikarudi nyuma hatua moja. Akaenda zake. Jumamosi alirudi akaanza upya, na Jumapili, na Jumatatu, na jana. Hakasiriki. Anapiga hodi mara tatu kama alivyofundishwa, anasubiri kidogo, anaenda nyumba inayofuata. Nyumba iliyomfungulia ni moja tu, ya mama yake. Bi Mwanakombo hakuhudhuria kikao. Alikuwa anaunganisha suruali mbili ili ipatikane moja itakayomfika kijana wake kwenye kifundo cha mguu.

Sijui kama nyote huko ofisini mna watoto. Naendelea.

8. Maombi yetu ni ya wastani. Tunaomba chuo hicho kihamishiwe Mtoni. Kiwanja kipo, na sakafu imekwisha kuwekwa na ushirika. Ikishindikana, tunaomba pasipoti ya Twaha itolewe kwa safari ya Mbezi Beach tu, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ikishindikana hilo nalo, tuko tayari kumtoa mtu mwingine. Apolinari ana hamu ya kusafiri, ana afya, na ingawa ana urefu wa mita moja na sentimita sitini, ana moyo mkubwa na atakwenda na ngoma yake. Viti elfu nane havitajuta.

Basi hizo ndizo sababu, Ndugu Afisa, na sioni kama kuna aliye na akili timamu anayeweza kuzipinga. Barua ya utambulisho haitakuja. Jalada lifungwe kama ulivyosema, na asitokee mtu wa kusema kwamba Mtoni hatukujibu kwa maandishi.

Wasalimie wenzako wote ofisini, kuanzia mkuu wako mpaka mlinzi wa mlangoni, na wote walio nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Wasalimie pia wale wa chuo, ukiwaandikia. Waambie hatuna ugomvi nao, ila wanacho tunachokitaka na wanataka tulicho nacho.

Ni mimi, mwenye mhuri ambao bado uko kwenye droo,

Bakari M. Mwinyihatibu
Mwalimu Mstaafu na Balozi wa Nyumba Kumi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha ya barua hii asubuhi ya leo, nikasikia mlangoni, "Hodi." Ndugu Afisa, kwa miaka thelathini na moja niliwafundisha watoto wa watu kwamba hodi haiachwi bila kujibiwa, na yeye alikuwa mmoja wao. Nikasema, "Karibu." Kalamu ilikuwa bado mkononi. Aliinama akaingia, akakaa chini kwenye mkeka ingawa kiti kipo, akasema, "Mwalimu, kama niliwahi kukukosea, nisamehe." Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemwadhibu bure Darasa la Tatu, na nikamwomba yeye anisamehe.

Kuta za Mtoni ni nyembamba. Kumbe "karibu" yangu ilisikika nyumba zote tisa, na tulipotoka nje kila mlango ulikuwa wazi. Nilimtazama Bi Hamisa ili nimkaripie kwa kuvunja azimio, nikamkuta amekwisha kufunga vitumbua kwenye gazeti na ameshika lile koti. Mikono ya koti inamfika Twaha kwenye viwiko, lakini kofia inamtosha. Mzee Hashil na Apolinari wanagombana tena: kila mmoja anataka abebe sanduku yeye.

Barua ya utambulisho nimeiambatisha. Utaona tarehe yake ni 5 Agosti. Si kosa. Niliiandika siku ileile aliyoiomba, na wino wake umekauka zamani. Kilichochelewa ni mhuri. Umegongwa leo, mara mbili, asije mtu akasema hakuuona.

Anayekukabidhi haya yote ndiye mwombaji mwenyewe. Milango ya ofisi za serikali ni mifupi. Tafadhali mwambie aangalie kichwa. Sisi tulikuwa tukimwambia kila siku.