Peugeot Isiyo na Injini

Alhamisi, 8 Machi 1984
Nyasho, nyuma ya nyumba. Mazoezi yameanza rasmi! Mashindano ya magari ni Bunda, wiki ya Pasaka. Jirani yangu Werema atanipa Datsun yake, nikimridhisha kwamba naweza kuendesha. Petroli ya mazoezi hakuna Musoma nzima. Si neno. Ninayo Peugeot ya marehemu mjomba. Haina injini wala magurudumu, ekseli zimekaa juu ya magogo. Lakini usukani upo, springi zipo, na mke wangu Marcelina yupo. Anasimama kwenye bampa la nyuma anaruka. Yeye ndiye barabara.

Ameuliza kama siku hiyo nitampitisha Butiama kwa mama yake, anayeumwa na anamwita. Nikasema bila shaka, kwa gari, kama nilivyomwahidi tulipooana. Akajibu, "Kuahidi unaahidiga vizuri."

Ijumaa, 9 Machi
Gari linayumba kama mlevi. Bushi, zile raba za kwenye springi, zimekwisha. Madukani hata sabuni hakuna, sembuse bushi! Nimechonga mpya kwa mpira wa kandambili. Zimekaa sawasawa. Jioni Marcelina ametafuta kandambili zake kila mahali. Nimemsaidia kutafuta.

Jumamosi, 10 Machi
Werema amekuja kunipima, akakaa kiti cha mbele. Marcelina, peku, aliruka kwa hasira. Mashimo yote ya barabara ya Kiabakari yalitimia. Kona ya tatu Werema akatapikia dirishani. Amesema Datsun atampa shemeji yake, Silasi. Silasi! Mtu asiyejua bushi ni nini!

Marcelina aliingia ndani, nikasikia anakunja nguo. Hilo limeniuma kuliko Silasi.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya misa Marcelina alitoka na kikapu na kitenge cha sikukuu, akakaa kiti cha mbele. Akasema twende. Nikasema hakuna wa kuruka. Akasema twende tu, polepole.

Tukaenda. Buhare. Makutano. Akaniambia nipunguze mwendo, watoto wanavuka. Nikapunguza. Tulipofika kwao alilia. Anaogopa mama yake atafariki hawajaonana. Nikavuta breki ya mkono, kisha nikamkumbatia.

Akatokea Alfonce, mgambo wa mtaa. Akasema ni saa tisa, na Jumapili kuanzia saa nane magari ni marufuku barabarani, kubana petroli! Nikamwonyesha mahali pa injini, patupu. Akasema sheria haikutaja injini. Marcelina akamweleza tumetoka kwa mgonjwa. Alfonce akavua kofia, akatupa pole, akaomba lifti mpaka Buhare. Alikaa nyuma. Alipofika alishukuru, akashuka.

Jumatatu, 12 Machi
Marcelina amepanda basi alfajiri, basi la kweli. Amevaa viatu vyangu, amevijaza magazeti. Kituoni alinishika shavu, akasema safari ya jana ilikuwa tamu, gari halikumrusha hata kidogo. Nimerudi nyumbani nikilia. Nampenda sana mwanamke huyu, na nyumba bila yeye haikaliki.

Halikumrusha! Kwa hiyo bushi ni sahihi, Werema ana tumbo bovu tu. Ila Alfonce alipokaa nyuma, upande wa kushoto ulizama. Panataka springi za kuongezea. Nimezunguka chumbani nikiwaza. Kitanda alichotuzawadia mama mkwe siku ya harusi kina springi nzuri ajabu.

Marcelina harudi mpaka Jumamosi. Koleo ninalo.