Taya la Kuazima

Jumapili, 1 Juni
Leo kwa Peres, yule mjane wa Kangemi, nimetafuna firigisi nzima, bila maji, kama kijana wa shule!

Haya, uongo. Firigisi alipewa Obuya, mshindani wangu hapo kwa Peres. Mimi nilipewa shingo, na hata hiyo ikanishinda. Taya lililia ka! pale mezani. Peres akauliza kama mlango umevunjika. Obuya akasema mlango ni mzima, ni mzee anavunjika.

Kwetu magharibi firigisi hapewi mtu ovyo. Ni ya mwanamume anayeheshimiwa katika nyumba hiyo. Mjane akikuwekea, amesema yote bila kufungua mdomo. Tangu mama watoto aniache, hakuna aliyeniwekea. Nazunguka Nairobi nikila shingo za watu.

Nimemwambia Peres nina miaka hamsini na minane. Nina sabini na moja. Si uongo mkubwa. Nimeruka tu ile mibaya.

Jumatatu, 2 Juni
Mjini, kwa daktari wa meno, Naeem, juu ya duka la vitambaa. Kijana mpole, mikono baridi. Akanibonyeza mbele ya masikio. Fungua, funga, fungua. Ka! Mashine ikanizunguka kichwa kama nzi, picha ikatoka.

Akaiinua kwenye mwanga. Akasema hapa ndipo taya linapoungana na fuvu. Ujanani kichwa cha mfupa huu huwa mviringo kama ncha ya yai. Miaka ikienda, kwa wengi hulika kikawa bapa. Changu kimelika kama kisigino cha patipati kuukuu! Nikauliza kama mfupa unaweza kutaja umri, tuseme miaka hamsini na minane. Akasema hapana, lakini huu hamsini na minane haujaisikia kwa muda mrefu. Akaongeza kwamba vichwa hivi vya wanaume mara nyingi ni vikubwa kuliko vya wanawake. Hiyo sikuisikiliza. Mimi ni mwanamume, ingenisaidia nini?

Akasema nirudi Ijumaa na picha, na mtu wa nyumbani, maana ameona mimi sisikii. Mtu wa nyumbani! Nimeshuka ngazi nikitabasamu upande mmoja, ule usiouma.

Jumanne, 3 Juni
Nimemwomba Peres. Amekubali! Eti atanisindikiza bora nisimtanie njiani. Furaha. Halafu hofu. Atasikia habari za patipati.

Jumatano, 4 Juni
Jirani yangu hapa Mountain View, Valarie, alipigwa picha kama ile mwaka jana, jino la mwisho likimsumbua. Nikamwambia nataka kujionea maendeleo ya sayansi. Akasema, mzee, wewe una njama, lakini chukua, mimi itanisaidia na nini.

Kichwa cha mfupa, jamani! Yai tupu! Nimekata kona yenye jina kwa mkasi. Yangu iko chini ya godoro. Hata kutembea natembea kama kijana.

Ijumaa, 6 Juni
Peres alivaa kitambaa cha buluu. Alinishika mkono tukivuka barabara ya Tom Mboya. Ningevuka, nikarudi, nikavuka tena mpaka jioni.

Naeem akainua picha. Akaniangalia mimi. Akaiangalia tena. Akamwuliza Peres kama mzee amezaliwa upya tangu Jumatatu. Kisha akaeleza polepole, kwa heshima, na heshima ndiyo iliuma. Mfupa mmoja hauapi mahakamani, akasema, lakini huu ni mdogo na laini. Akilazimishwa kukisia, ni wa mwanamke kijana. Tena mwenye picha hii ana meno yote. Wewe, baba, una mapengo sita.

Mapengo! Nani hufikiria mapengo?

Peres alicheka mpaka akakalia kiti cha wagonjwa. Akaniita Bi Bramwel. Aliniita hivyo hadi Kangemi. Halafu akauliza umri wangu. Nikataja ule wa kweli. Akasema alijua zamani: mtu wa hamsini na minane hawezi kusimulia sherehe za uhuru kana kwamba alibebwa mabegani kuziona. Akasema Jumapili nije kula. Nije na taya langu mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni
Kuku. Obuya kaketi, mkanda keshaulegeza. Peres akapitisha sahani. Obuya: shingo!

Mimi: bakuli. Ndani yake firigisi imekatwakatwa vipande vidogo, imechemshwa mpaka imelegea kama ndizi. Aliinjika kabla ya kwenda kanisani. Nilikula. Taya halikulia hata mara moja. Nikamkumbuka mama watoto, macho yakajaa, nikasingizia pilipili. Obuya akasema hakuna pilipili. Peres akasema ipo.

Jumatatu, 9 Juni
Nimefikiri usiku kucha. Firigisi ya kukatwakatwa! Hiyo ni huruma, si mapenzi. Nataka aniwekee nzima, kama mwanamume kamili. Na kosa langu nimeliona: picha ilikuwa ya kike. Dawa iko mlango wa pili, kwa Clifford, mume wa Valarie. Shingo ya fahali, taya kama la ng'ombe wa machinjioni Dagoretti. Jioni namwambia hivi:

Clifford, kijana wangu, maji yalipokatika ni mimi niliyekufungulia tangi langu. Sasa na wewe nisaidie kitu kidogo. Nenda mjini ukapigwe picha ya taya. Na kama kuna meno yanakusumbua, usingoje, yang'oe kwanza. Sita yatatosha.